Mshenga juu ya ukungu wa Songwe

Alhamisi, saa 3 usiku, Tabata

Begi limefungwa. Ndani kuna blanketi la bibi, koti la babu, vitenge vya mkaja wa mama na bahasha ya mahari ambayo siandiki ina kiasi gani, maana simu yangu hushikwa na watu wengi. Kesho saa 12:10 asubuhi tunapaa kwenda Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, mimi na Baba Mdogo wa kijana anayeoa, na keshokutwa Jumamosi saa 4 kamili tunatakiwa tuwe tumeketi sebuleni kwa wakwe, Tukuyu. Mimi ndiye mshenga. Kazi yangu ya kila siku ni kuuza vipuri vya pikipiki Ilala, lakini kijana huyu amekulia mlango wa pili na kwangu. Alipokuja kuniomba nikamsemee, sikuwa na pa kukimbilia.

Barua ya posa ilipokelewa mwezi uliopita kwa sharti moja, nalo limeandikwa kwa kalamu nyekundu: muda uzingatiwe.

Kwa nini ndege? Kwa sababu ya mgongo wa Baba Mdogo. Alifanyiwa upasuaji mwaka juzi, na daktari alimwambia asikae kwenye kiti zaidi ya saa tatu bila kunyoosha miguu. Kwa basi kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na hapo katikati kuna kona za Kitonga. Shangazi na kina mama wawili waliondoka leo alfajiri kwa basi kutoka Mbezi. Amenipigia sasa hivi: wameshafika Mwanjelwa, Mbeya mjini, wameshakula, wanatafuta maji ya moto ya kuoga. "Nyie wakubwa njooni kesho na mabawa yenu," akacheka.

Ijumaa, saa 11 alfajiri, Kipawa, uwanja wa ndege wa Dar

Dar ni joto lile lile la Machi. Shati limeshashika mgongoni na jua halijachomoza. Kwenye mashine ya ukaguzi dada wa usalama ametaka kujua blanketi zito namna hii ni la nini. Nimemwambia ni la bibi wa bibi harusi. Amecheka, akalibonyeza kidogo, akaturuhusu.

Juu kuna nyota tupu. Wala hatuna habari kwamba kuna kitu kinaitwa ukungu duniani.

Ijumaa, saa 5 asubuhi, Kipawa tena

Ndiyo, Kipawa tena. Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile nilichokaa alfajiri, na begi lile lile miguuni.

Ndege yetu ilikuwa ya mapangaboi, mabawa juu ya madirisha. Mimi nilikaa dirishani, sambamba na injini. Baba Mdogo alikaa upande wa njia ili apate kunyoosha mguu, na katikati yetu hakuna mtu, kwa kuwa viti ni viwili viwili. Ng'ambo ya njia alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye baadaye ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoandika hapa. Alifanya kazi ya hali ya hewa mpaka akastaafu. Amepima mvua na upepo katika vituo vitatu vya nchi hii, na sasa analima parachichi.

Tuliruka kwa wakati. Chai, korosho, kimya. Baada ya saa moja na zaidi kidogo mzee wa kofia akaninyooshea kidole dirishani: milima ya Kitulo ile. Nikaegemea kioo. Upande wa kushoto kilele cha Mlima Rungwe kilikuwa kimesimama peke yake kwenye jua, cheusi, safi, kama kisiwa. Chini yake hapakuwa na nchi. Palikuwa na weupe umetandazwa mpaka mwisho wa macho, umejaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na vilele vya milima ndivyo peke yake vilivyochungulia. Nilipiga picha tatu. Sikujua kwamba nilikuwa napiga picha ya tatizo letu.

Rubani akazungumza. Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili: uwanja wa Songwe una ukungu mzito, tutazunguka juu tukisubiri hali ibadilike, tunaomba uvumilivu.

Tukaanza kuzunguka. Bawa moja chini, kisha sawa, kisha bawa moja chini tena. Kila tulipogeukia upande mmoja jua lilipita ndani kwa safu, likagusa nyuso, likatoka. Nje anga ya bluu, huoni hata wingu. Ndicho kitu kilichoniudhi kuliko vyote: kuwa kwenye jua kali namna ile halafu uambiwe huwezi kushuka kwa sababu ya hali ya hewa. Tulipokuwa tumelipa jua kisogo niliona kivuli cha ndege yetu chini, juu ya ule weupe, kidogo kama nzi, na kimezungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua. Kilituandama kila mzunguko. Nikamgusa Baba Mdogo aone. Akatazama, akasema, "Ni ishara nzuri hiyo," akafumba macho na kuendelea na dua zake.

Mzee wa kofia alinieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa. Jana jioni, akasema, lazima huko chini mvua ilinyesha, ardhi ikalowa. Usiku mawingu yakaondoka. Anga likiwa wazi hivyo, ardhi haina kitu cha kuifunika, joto lake lote linapanda juu na kupotea, na hewa iliyo karibu na ardhi inapoa. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo inateleza kutoka milimani na kujikusanya bondeni. "Umewahi kutoa soda ya baridi kwenye friji, chupa ikatoka jasho?" Ndiyo. "Basi, hewa yote ya bonde imetoka jasho. Tofauti ni kwamba haijapata chupa ya kuning'inia, inaning'inia yenyewe." Na Songwe ni bonde. Uwanja uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ila Mbeya mjini ni juu zaidi, na milima imepazunguka.

Kwa watu wa fani yake, akasema, si kila weupe ni ukungu. Ukiweza kuona kitu kilicho umbali wa mita 1,000 au zaidi, huo wanauhesabu kuwa ukungu mwepesi tu. Chini ya mita 1,000 ndipo linapoandikwa neno lenyewe. "Huu wa leo?" nikauliza. Akatazama chini. "Huu hata mbuzi wako mwenyewe kamba ikimkatika humpati."

Zikapita dakika 30. Rubani akasema atajaribu.

Hapa nitasema nilivyoona, kwa sababu tangu tushuke nimesikia watu wakisimulia mambo ambayo hayakutokea. Injini zilipunguza sauti. Kwenye ndege hizi matairi yanatoka tumboni mwa injini, siyo chini ya miguu yako, kwa hiyo aliyekaa nilipokaa anayaona kabisa: mlango mdogo ukafunguka, mguu wa chuma ukashuka, matairi mawili yakaning'inia hewani yakiwa yametulia. Mimi ni mtu wa vipuri. Niliyatazama matairi yale kwa jicho la kazi, mapya mapya, mistari yake imejaa. Kisha tukazama. Jua likakatika kama mtu kazima taa. Kioo kikawa cheupe, halafu kijivu, vitone vya maji vikaanza kukimbia kwa mstari kutoka mbele kwenda nyuma. Matairi yenyewe yakawa kivuli. Hakuna aliyekohoa. Mtoto aliyekuwa akilia tangu Dar akanyamaza.

Na ghafla, chini kabisa, wima chini ya dirisha langu, nikaona mahindi. Shamba la mahindi na njia ya miguu, sekunde mbili au tatu. Nikasema kwa sauti, "Tumefika!" Na papo hapo injini zikaunguruma kwa nguvu zote, kiti kikanisukuma mgongoni, pua ikainuka, mahindi yakafutika. Matairi yakarudi ndani. Tukachomoza tena kwenye jua lile lile la kijinga.

Kelele zikaanza. Mwanamume wa viti vya nyuma alisema rubani ni mwoga, chini tumeiona wote. Na kweli mimi niliiona. Mzee wa kofia akanigeukia, safari hii bila kungoja niulize. Ukitazama chini wima, akasema, unapenya unene wa ukungu tu, nao pengine ni mita mia au mia mbili. Rubani hatui wima. Yeye anatazama mbele, kwa mshazari, macho yake yanapita ndani ya ukungu huo huo kwa urefu. Wewe umeona mahindi, yeye ameona ukuta. Na kuna kimo kilichopangwa ambacho akikifikia bila kuiona njia ya kutua mbele yake, hana ruhusa ya kushuka hata hatua moja zaidi. Hapo anainuka. Ndivyo alivyofunzwa, akasema, na angekuwa anaogopa kuwaudhi abiria wake asingeinuka.

Yule wa nyuma akanyamaza. Nadhani wote tulikuwa na neno moja kichwani na hakuna aliyelitamka. Novemba 6, 2022, Bukoba, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege ndani ya ziwa, watu 19 wakafa. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na mkononi ana tasbihi.

Rubani akatangaza tunarudi Dar es Salaam. Kwa kawaida, akanieleza mzee, ndege hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine endapo wa kwanza umefungwa, na juu ya hayo akiba ya dakika 30 ambayo haiguswi ila kwa dharura. Kwa hiyo kuzunguka kuna kikomo. Kikomo chetu kilikuwa kimefika.

Ndiyo maana niko Kipawa. Tumepewa soda na andazi.

Ijumaa, saa 8 mchana, bado Kipawa

Nimempigia Shangazi. Nikamweleza ukungu. Kimya kidogo, halafu: "Ukungu gani? Huku Mwanjelwa jua linawaka tangu saa 1, nimefua, nimeanika, nguo zimekauka!" Akamwita mama mwenzake ashuhudie. Nikajaribu kumweleza habari ya bonde na chupa ya soda. Akaniambia niache masihara, niseme ukweli kama tumelala tukaachwa na ndege.

Sasa namwelewa. Zamani uwanja wa ndege wa Mbeya ulikuwa mjini hapo hapo, umebanwa na nyumba na mlima, njia fupi ya ndege ndogo. Songwe ulianza kazi Desemba 2012, kilomita ishirini na kitu nje ya mji, na njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3 na ushei. Ndege kubwa zikapata pa kutua. Ila mji ukabaki juu kwenye jua lake, uwanja ukawa bondeni. Mtu wa Mwanjelwa anaweza kuanika nguo asubuhi nzima wakati aliye angani juu ya Songwe haoni chochote chini.

Wa kaunta wanasema ndege ile ina safari nyingine mchana huu, sisi tutapelekwa kesho saa 12:10. Sina ugomvi nao. Dada aliyetuhudumia alitukanwa na watu wanne mfululizo na hakupandisha sauti.

Hapa sasa ndipo penye uamuzi. Kijana mwenyewe, bwana harusi mtarajiwa, amenipigia mara sita. Anataka nipande basi la usiku, nifike Mbeya alfajiri, niwahi saa 4. Kwa mahesabu yake inawezekana. Lakini mshenga hafungui mazungumzo ya mahari bila mzee wa ukoo pembeni, na mzee wa ukoo ana mgongo. Nikamuuliza Baba Mdogo. Akafikiri, akajishika kiuno, akasema, "Ukungu wa Ijumaa si wa Jumamosi. Tusubiri ndege."

Nikakubali. Naandika hapa kwamba nilikubali, nisije nikasema baadaye ni yeye.

Ijumaa, saa 4 usiku

Nimefanya kosa la kusoma simuni. Nimeanza na ukungu, nimeishia Tenerife, kisiwa cha Uhispania, Machi 27, 1977: Boeing 747 mbili zikagongana kwenye njia ya kurukia iliyofunikwa na ukungu, watu 583 wakafa. Hapakuwa na ndege angani, zote zilikuwa chini. Nimezima simu. Baba Mdogo anakoroma chumba cha pili kana kwamba kesho anakwenda Kariakoo.

Jumamosi, saa 2:30 asubuhi, Kipawa

Hatujaruka. Ubao wa ratiba uliandika 12:10, ukaandika 1:30, ukaandika 2:45, sasa umeandika neno tu, bila saa. Leo wamefanya la busara, wanangoja huku huku chini badala ya kwenda kuzunguka. Mzee wa kofia yupo, kasimama dirishani mikono nyuma. Anasema kila baada ya muda kituo cha Songwe kinatoa taarifa: upepo, umbali wa kuona, joto la hewa, joto ambalo umande unajitengeneza. Hizo namba mbili za mwisho zikikaa pamoja, ukungu uko kitandani. Zikianza kuachana, unaamka. Kinachoziachanisha ni jua kupasha ardhi au upepo kuvuruga hewa, na bonde lenye ukungu mnene huchelewa kupashwa kwa sababu weupe wenyewe unarudisha jua juu.

"Kwa hiyo unajilinda," nikasema.

"Kwa muda. Saa 3, saa 4, utaachia."

Kiyoyozi cha humu kimewekwa kwa watu wenye makoti. Baba Mdogo alianza kutetemeka saa 1. Akalitazama begi. Akanitazama. Nikamwambia hapana, hilo ni la bibi. Saa 1:20 nikaenda msalani, niliporudi nikamkuta amejifunika gubigubi, kichwa kimeegemea ukuta, blanketi la bibi lote mwilini, lebo bado inaning'inia. Abiria wengine wanamtazama kwa wivu.

Msemaji wa upande wa wakwe amenitumia ujumbe saa 2 kamili: "Habari za asubuhi mshenga. Wazee wanaamka." Maneno hayo tu. Ila nimeelewa.

Jumamosi, saa 10 jioni, Tukuyu, uani

Nimetoka nje kupunga upepo, ndani wanahesabu.

Tuliruka saa 3:15. Juu ya Songwe tulifika kwenye saa 4:40, yaani ule muda niliopaswa kuwa naeleza sebuleni kwamba tumeona ua zuri kwenye bustani ya watu. Jana ukungu ulikuwa shuka. Leo ulikuwa na matundu. Kupitia tundu moja niliona lami na lori, kupitia jingine moshi wa kiwanda cha saruji, kisha weupe ukaziba, kisha ukafunguka mbele zaidi. Ulikuwa unanyanyuka kwa mapande. Tulizunguka mara mbili. Mzee wa kofia hakusema neno, alikuwa akihesabu matundu.

Matairi yakashuka tena nje ya dirisha langu. Jua halikukatika ghafla safari hii, lilififia. Vitone vikakimbia kwenye kioo, vikakoma. Nikayaona mahindi, na nikakaa kimya maana nimeshajifunza. Yakaja mahindi mengine. Ukaja uzio, nyasi zilizofyekwa, ukingo wa lami wenye mistari myeupe. Nikayakazia macho matairi. Yalikuwa yametulia tuli, halafu yakagusa: moshi mdogo wa bluu, yakaanza kuzunguka kwa kasi ambayo jicho halishiki, maji ya njia yakaruka nyuma kama vumbi. Mtu akapiga makofi, ndege nzima ikapiga makofi. Yule mwanamume wa nyuma ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Ilikuwa saa 5:05.

Nje hewa ilikuwa baridi na ilinukia majani yaliyolowa. Ukungu ulikuwa umebaki vipande vipande kando ya uwanja. Nilipita kwenye kimoja nikielekea jengoni. Nilitegemea nini sijui. Kilikuwa baridi kidogo usoni, basi. Nikaagana na mzee wa kofia kwa mikono miwili. Akaniambia, "Msalimie bibi, mwambie ulinzi wa blanketi umefanya kazi."

Kutoka pale hadi Tukuyu ni kama kilomita mia hivi, na siku hiyo kila kilomita ilikuwa na lori lake. Malori ya Tunduma, yanayokwenda Zambia na Kongo, yamefuatana kama siafu kuanzia Mbalizi. Mafiati tulisimama. Mwanjelwa tukawachukua Shangazi na wenzake, waliokuwa wamevaa tangu saa 2 asubuhi na hawakutuamkia. Uyole tukakunja kulia. Ikaanza migomba, chai, mvua ya manyunyu, Isyonje, Kiwira. Baba Mdogo alikuwa akifanya mazoezi ya neno lake moja la Kinyakyusa, ndaga fijo, asante sana, akilirudia kwenye kila kona.

Tulifika saa 8:20. Tumechelewa saa nne na dakika ishirini.

Wazee walikuwa sebuleni wamekaa vile vile, suti na makoti, na ile kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Hawakukasirika. Hiyo ndiyo ilinitisha. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa maji ya kunawa, tukaketi kwenye mkeka kwa adabu. Kisha msemaji wao akauliza, kwa upole wa mtu anayejua kisu kiko wapi, kama tulipotea njia.

Nikasimulia. Nilisimulia yote: Ijumaa, mahindi, chupa ya soda, namba mbili zinazokaa pamoja. Nilidhani nimesimulia vizuri. Mzee mmoja wa pembeni alitingisha kichwa kwa huruma kabisa. Baba wa binti akanisikiliza mpaka mwisho, akatazama nje dirishani, ambako kilima cha jirani kilikuwa kimeshafunikwa nusu, akasema:

"Mshenga, sisi tumezaliwa humo ndani ya ukungu. Tumesomea humo, tumeoa humo, na leo saa 4 tulikuwa tumeketi hapa. Ukungu ni wa kwetu. Faini ni ya kwenu."

Sebule nzima ikacheka, hadi Shangazi, msaliti.

Faini: mbuzi mmoja, na jogoo kwa zile dakika ishirini. Tulijadiliana. Nilitoa hoja kwamba jana tulikuwa tumefika, tena juu ya mji wao kabisa, ila hatukupata pa kuweka mguu, kwa hiyo kihesabu tumekuja mapema siku nzima. Wakaenda kando kushauriana. Wakarudi na uamuzi: aliyefika akiwa juu hajafika, lakini kwa kuwa amejitahidi, jogoo anasamehewa. Mbuzi anabaki. Baba wa binti akaomba zile kadi zetu za kupandia ndege, za jana na za leo, kama ushahidi. Akazibana kwa pini nyuma ya karatasi ya orodha ya mahari, karatasi ambayo itakaa kwenye kabati la nyumba hii kuliko umri wangu uliobaki. Pesa ya mbuzi walitaka taslimu. Nikajitolea kutuma kwa simu, wakasema mbuzi haliwi kwenye simu.

Ikafika zamu ya bibi. Baba Mdogo akamfunika blanketi mabegani kwa heshima zote, kama inavyotakiwa. Bibi akalishika pindo, akalivuta puani, akanusa mara mbili. Moyo ukanipasuka. Akamtazama Baba Mdogo muda mrefu.

"Hili limeshalaliwa," akasema.

Baba Mdogo, mtu mzima wa miaka 68, akainamisha kichwa. "Ndaga fijo, bibi," akasema, maana hakuwa na neno jingine.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Jogoo akarudishwa kwenye orodha.

Jumapili, saa 1 asubuhi, Tukuyu

Wametulaza nyumba ya wageni nyuma ya shamba la migomba. Jana tulikula ndizi mbalaga na nyama mpaka usiku, mahari yamepokelewa, tarehe ya ndoa itapangwa baada ya mavuno. Nimemtumia kijana ujumbe wa neno moja. Amejibu kwa alama za kucheka thelathini. Nilizihesabu.

Nimeamka nikafungua mlango. Mgomba ulio hatua tano kutoka kizingitini nauona. Wa pili nauona nusu. Wa tatu haupo. Mahali fulani huko ndani mtu anapita na baiskeli, nasikia mnyororo wake ukilia na kengele, sioni kitu. Watoto wanakwenda kanisani wakiimba, sauti inapita mbele yangu kutoka kushoto kwenda kulia, bila watoto.

Baba Mdogo amekuja akasimama kando yangu, kikombe cha chai mkononi. Tiketi za kurudi ni za kesho asubuhi kutoka Songwe. Akanywa chai yote taratibu, akitazama ule mgomba wa pili. Kisha akajinyoosha, akageuza kiuno kulia, akageuza kushoto, akajipiga ngumi mbili nyepesi mgongoni kama mtu anayepima tairi.

"Mshenga," akasema, "basi la Dar hapa linaondoka saa ngapi?"